Rivyu: 6 Minute English ya BBC, miezi minane nikiifanyia mazoezi ya mdomo

Kwa mwenye haraka: nyota nne kati ya tano, ni bure, idaunlodi leo. Ila hiyo nyota moja niliyoibana ina maelezo yake na ndo iliyonikalisha chini niandike yote haya, maana naona watu wanaisifia sana hii podikasti halafu wanaitumia vile vile nilivyokuwa naitumia mimi mwanzoni, wanasikiliza wakifua, wanasikiliza wakiwa njiani, miezi inapita na mdomo uko pale pale.

Niseme kwanza hali yangu ilikuwaje ili ujue kama tunafanana. Kiingereza nimesoma darasani miaka mingi. Kusoma nasoma, kuandika naandika, barua pepe zangu za kazini zinaeleweka bila shida. Tatizo lilikuwa masikio na mdomo. Mtu akiniandikia sentensi naielewa yote, sentensi hiyo hiyo akiitamka kwenye simu nashika maneno mawili matatu, mengine yamepita. Na nikitaka kujibu naipanga kwanza kichwani kwa Kiswahili, naigeuza, nakagua grama, nikija kufungua mdomo wenzangu wameshahamia mada nyingine. Kama hapo umejiona basi hii rivyu ni yako. Kama ndo kwanza unaanza kabisa, bado unajifunza kutaja jina na kuhesabu, hii podikasti itakuchosha, huko chini nimeandika wewe uanzie wapi.

Sasa yenyewe ikoje. BBC wanafundisha Kiingereza tangu 1943, walianza kwa redio, kwa hiyo hii kazi wameizoea na inaonekana. 6 Minute English inatoka kila wiki. Watangazaji wawili wanakaa na mada moja, inaweza kuwa usingizi, teknolojia, afya, lugha, mazingira, mambo ambayo mtu mzima anaweza kuyaongelea bila kuona anafundishwa kama mtoto. Mwanzoni mmoja anamuuliza mwenzake swali lenye majibu matatu ya kuchagua, jibu linawekwa hadi mwisho. Katikati wanaweka klipu za watu waliohojiwa kwenye vipindi vya BBC World Service, wataalamu, watu wa kawaida, wa nchi tofauti tofauti, na wakimaliza kila klipu wanafafanua neno gumu lililotumika. Mwishoni wanarudia maneno kama sita hivi, wanatoa jibu la lile swali, kwaheri. Vipindi vya nyuma vipo mamia na vingi vina skripti ya kudaunlodi bure kabisa. Huhitaji kujisajili wala kulipa wala kuvumilia tangazo la kukuuzia kozi.

Hiyo skripti ndo mali. Nitairudia.

Mimi nilianza kama kila mtu. Earphone masikioni, kipindi kimoja kila siku, dakika sita, najisikia mtu wa maana. Baada ya miezi mitatu hivi nikawa naelewa watangazaji vizuri kabisa, nikaamini nimepanda. Kumbe nimewazoea wale watangazaji tu. Nikikutana na mtu mwingine kwenye simu, palepale natoka jasho.

Halafu siku moja nikapiga hesabu na ikanishtua. Cambridge, hawa wenye mitihani ya Kiingereza, wanakadiria kwamba mtu anahitaji saa 350 hadi 400 za kufundishwa kufika B1 na saa 500 hadi 600 kufika B2. Yaani kutoka kiwango cha kujisaidia-saidia hadi kiwango cha kufanya kazi kwa Kiingereza kuna kama saa 150 mpaka 200 katikati. Dakika sita kila siku bila kukosa hata siku moja, mwaka mzima, ni saa 36 na nusu. Kwa mwendo huo unahitaji miaka minne mpaka mitano na zaidi, na hapo unasikiliza tu, hujafungua mdomo. Hakuna mtu aliyetudanganya, jina la kipindi linasema dakika sita ni urefu wa kipindi, ni sisi tunaolichukulia kama ndo urefu wa mazoezi.

Ila kilichonibadilisha siyo hesabu, ni neno moja dogo.

Wakati huo nilikuwa nimejiunga na programu moja ya kubadilishana lugha, sitaitaja jina. Humo ndani nilipoteza muda sana aisee. Mtu anakusalimia, unamjibu, anakuuliza unatoka wapi, unamjibu, kimya. Mwingine siku ya pili tu anataka picha. Mwingine anasema anataka kufundishwa Kiswahili lakini kila ukimwandikia anarudi kwenye Kiingereza chake na wewe unaona aibu kumkumbusha. Nilikaribia kufuta. Lakini kwa bahati nikampata dada mmoja anayejifunza Kiswahili kwa nia kabisa, anahangaika na ngeli, anasema "vitabu yangu" na anachukia akikosea, tukaelewana: kila Jumanne nusu saa kwa simu, dakika kumi na tano Kiingereza, dakika kumi na tano Kiswahili, saa ya simu inawekwa, ikilia tunageuza hata kama mtu yuko katikati ya hadithi. Hiyo ya kuweka saa naishauri kwa yeyote, bila hiyo mwenye Kiingereza kizuri zaidi au mwenye maneno mengi zaidi anameza muda wote.

Wiki moja alitaka tuhamishe siku. Nikamtumia voisi noti, nikamwambia "I can do Wednesday". Jumatano nikapiga, hakupokea. Nikapiga tena, kimya. Nikaumia kidogo, nikajua na huyu ameondoka kama wengine. Jioni akaniandikia kwa Kiswahili chake cha kujikaza: si uliniambia huwezi Jumatano?

Tukarudi kusikiliza ile voisi noti pamoja na kwa kweli alikuwa na haki. Waingereza hawasemi "can" namna tunavyofundishwa kuisoma ubaoni. Ikiwa katikati ya sentensi ya kukubali wanaimeza, inabaki "kn" tu, karibu hakuna irabu, na uzito wote unaenda kwenye kitenzi kinachofuata. Ila ya kukataa, "can't", ndo inapewa irabu nzima nzito, "kaant", na hiyo "t" ya mwisho mara nyingi huisikii vizuri. Sasa mimi niliitamka "kan" safi kabisa, nzima nzima, kwa heshima, kama tunavyotamka kila silabi ya Kiswahili. Sikio lake likasikia kukataa. Miaka yote ile nimewaambia watu naweza wakasikia siwezi, nani anajua mara ngapi.

Usiku ule nikafungua kipindi cha 6 Minute English nilichokuwa nimeshakisikiliza na skripti mkononi, nikaanza kutafuta "can" zote. Kila moja "kn". Nilikuwa nimezisikia zote na sikuwahi kuzisikia. Hapo ndo nikaelewa hii podikasti ina kazi gani.

Kwa hiyo sa hivi kipindi kimoja nakaa nacho wiki nzima, kama dakika arobaini kwa siku, siku tano. Siku ya kwanza nasikiliza mara mbili bila skripti, naandika kwenye karatasi nilichoelewa, hata kama ni vipande. Siku ya pili nachukua klipu moja tu, siyo ya watangazaji, ile ya mtu aliyehojiwa, sekunde ishirini au thelathini, naiandika yote neno kwa neno kwa kusikiliza na kusimamisha, kusikiliza na kusimamisha. Inachosha sana hii, usishangae sekunde ishirini zikila nusu saa. Baada ya hapo nafungua skripti nalinganisha. Yale mashimo kwenye karatasi yako ndo somo lako, na utashangaa karibu kila shimo siyo neno gumu, ni vijineno kama "of", "to", "was", "have", "them", vitu ulivyovijua tangu darasa la kwanza la Kiingereza. Kwa kusoma unavijua, kwa kusikia hujawahi kukutana navyo, maana kwenye kuongea vinafifia vyote vinakuwa sauti moja fupi ya katikati isiyo "a" wala "e" wala "i", na hiyo ndo irabu inayotokea mara nyingi kuliko zote kwenye Kiingereza, sisi hatuna.

Kitu kimoja cha kuwa makini nacho, juu ya hizo skripti wenyewe wameandika kwamba siyo nakala ya neno kwa neno. Kwa hiyo ukikuta sauti inasema hivi na karatasi inasema vile, usidhani sikio limekudanganya. Mimi hata nimeanza kuzitafuta hizo tofauti makusudi, ukizigundua mwenyewe unajua sikio limeanza kufanya kazi.

Siku ya tatu na ya nne ni mdomo. Nafuatisha. Wanaita shadowing, wakalimani hutumia mazoezi ya aina hii kwenye mafunzo yao: unaweka sauti inaenda na wewe unaongea juu yake, nyuma kidogo kama nusu sekunde, bila kusimamisha, unaiga kupanda na kushuka kwa sauti na wapi wanameza. Mara ya kwanza utakwama kwenye sentensi ya pili, ni kawaida. Unaanza na sentensi moja, unairudia hata mara ishirini, ukiipata unaongeza ya pili. Fanya sehemu ambayo hakuna mtu anakusikiliza ili usijizuie. Halafu jirekodi, usikilize yako, usikilize yao, yako, yao. Hii ya kujirekodi watu wanaikwepa kwa sababu hakuna anayependa sauti yake mwenyewe, lakini nakuhakikishia dakika kumi za kujirekodi zimenifundisha kuliko saa nyingi za kusikiliza.

Maana kuna vitu vya mdomo wetu sisi waongeaji wa Kiswahili ambavyo hakuna podikasti itakuambia, unavigundua kwa kujisikiliza. Tuna irabu tano. Kiingereza cha Uingereza kinachofundishwa kina sauti za irabu karibu 20. Kwa hiyo "hat", "hut" na "heart" sisi zote "hat", "ship" na "sheep" mapacha, na "work" na "walk" ndo kabisa, ukisema nafanya kazi mtu anasikia unatembea. Pia uzito wa sauti, Kiswahili ni rahisi, silabi ya pili kutoka mwisho na habari imeisha, kitabu, kitabuni, uzito unahama wenyewe. Tukiingia kwenye Kiingereza tunabeba hiyo kanuni, tunasema "komfotebo" tunakaza hapo kwenye "te", wakati wenyewe wanakaza mwanzo na kumeza katikati, inabaki silabi tatu tu kitu kama "KAMF-ta-bl". Na miisho, jamani miisho. Neno letu linapenda kuisha na irabu, kwa hiyo "worked" inakuwa "wokedi", silabi tatu, wakati ni silabi moja tu, "t" ndogo mwishoni. Ukishajua hilo ukasikiliza tena klipu ya mtu anasimulia jambo lililopita unaona kumbe zile "t" na "d" zote zilikuwepo, ulikuwa huzitegemei ndo maana hukuzisikia.

Na tuna faida pia ambayo watu hawaisemi. Ile "th" inayowatesa wanafunzi duniani, Mfaransa anasema "z", Mjerumani anasema "s", sisi tunayo zote mbili nyumbani. "Think" ni ya thamani, "this" ni ya dhahabu. Kama huwa unasema "zahabu" basi anza kusema dhahabu kwenye Kiswahili chako, umeshajitengenezea Kiingereza nusu bila kutumia hata bando.

Kwa kupima maendeleo natumia kitu ambacho kila simu janja inacho, ile alama ya maiki kwenye kibodi. Weka lugha ya Kiingereza, soma kipande cha skripti kwa sauti, tazama simu inaandika nini. Haina huruma, ukisema "ship" ukitaka kondoo inakuandikia meli. Siyo mwalimu, haikuelezi kosa liko wapi, na wakati mwingine inabahatisha neno sahihi kwa kuangalia maneno ya jirani, kwa hiyo neno moja moja au sentensi fupi ndo kipimo kizuri zaidi kuliko aya nzima. Kuna tovuti pia inaitwa YouGlish, unaandika neno, inakuletea video za YouTube watu wakilitamka katikati ya sentensi, unachagua aksenti ya Marekani, Uingereza, Australia na nyingine. Nikikwama na neno moja kwenye klipu naenda pale nalisikiliza kwa watu kumi tofauti, narudi. Hizi mbili na podikasti zinakamilishana vizuri sana.

Siku ya tano ni Jumanne na ndo inafanya yote haya yawe na maana. Mimi na yule dada sasa hatuulizani tena habari za wiki, tunasikiliza kipindi kimoja wote kabla, halafu dakika zile kumi na tano tunabishana kuhusu mada yake. Hii ilibadilisha kabisa mazungumzo yetu. Mwanzo tulikuwa tunaishiwa maneno dakika ya nne, sasa maneno sita ya kipindi tayari nimeyarudia wiki nzima mdomoni, nikiyahitaji yanatoka, na sipangi tena kwa Kiswahili kwanza, angalau siyo kwa kila sentensi. Na yeye kwa upande wake anajaribu kunielezea mada ile ile kwa Kiswahili, kwa hiyo ananilazimisha nimtafutie maneno ya Kiswahili ya mambo ambayo sijawahi kuyaongelea kwa Kiswahili, hiyo nayo ni elimu.

Hapa ndo nafika kwenye nyota niliyoibana. Podikasti haikusikii. Inaweza kukupa sauti, mada, maneno, skripti, lakini kuna makosa ambayo hayawezi kujulikana mpaka kuwe na mtu upande wa pili. Mfano wangu ni "he" na "she". Kwetu ni yeye tu, amekuja, ameondoka, mama au baba hakuna tofauti. Nikiandika sikosei kwa sababu nina muda wa kufikiri. Nikiongea haraka nilikuwa namwita mama yangu "he" na sijisikii kabisa, yaani sikio langu mwenyewe halikuona kosa. Yule dada alinivumilia wiki kadhaa halafu akaniuliza kwa upole, huyu kaka unayemtaja kila wiki ni nani? Hakukuwa na kaka. Nyingine ni ile "nimemwona jana", kwa Kiswahili cha kuongea inapita, nikawa naipeleka moja kwa moja, "I have seen him yesterday", na kwa Kiingereza ukishataja jana hiyo "have" haikai. Kwenye skripti nimeona mfano sahihi mara mia. Kuona hakukunirekebisha, kukatizwa katikati ya sentensi kulinirekebisha.

Watu wataniambia siku hizi kuna programu za kuongea na kompyuta, inakujibu kwa sauti, inakurekebisha, haichoki. Nimezijaribu na kwa mtu mwenye aibu sana ni mahali pazuri pa kuanzia, unakosea na hakuna anayekuangalia. Lakini mimi naona zinaelewa kupita kiasi. Unasema sentensi imevunjika vipande vipande, inaijibu vizuri kabisa kana kwamba umesema sawa. Binadamu angekunja uso. Ule uso uliokunjwa tunauhitaji, au kama ni kwa simu basi ile kimya ya sekunde moja kabla mtu hajasema samahani sijakupata.

Jambo lingine la haki kulisema, watangazaji wa 6 Minute English wanaongea kwa mpangilio, safi, kwa zamu, hakuna anayemkatiza mwenzake wala kuanza sentensi na kuiacha njiani. Kwa mwanafunzi ni sawa, ndo kazi yao. Ila mazungumzo ya kweli hayaendi hivyo, na ndo maana nasisitiza klipu za waliohojiwa, humo ndo utasikia mtu anasita, anarudia, anasema "you know" katikati, ana aksenti ya kwao. Ukiruka klipu ukashika watangazaji tu umekula nusu ya sahani.

Sasa kwa wale niliowaahidi. Kama bado uko chini, anza na maktaba ya VOA Learning English ya Marekani, zamani iliitwa Special English, ilianza 1959 ikiwa na msamiati wa msingi wa maneno kama 1,500 tu, sentensi fupi, na msomaji anasoma taratibu, kama theluthi mbili ya spidi ya kawaida. Utaweza kuandika kwa kusikiliza bila kukata tamaa. Usikae huko milele lakini, ile spidi haipo kwenye maisha, na vijineno vinavyomezwa kwenye spidi ya kawaida kule vinasikika vizima. Kama shida yako ni matamshi tu, hao hao BBC Learning English wana video fupi zinaitwa Tim's Pronunciation Workshop, jamaa anasimama barabarani anawauliza wapita njia swali halafu anakuonyesha kwenye majibu yao sauti gani imepotea na gani imeungana. Mimi nilizikuta nimechelewa, ningezianza kabla ya kitu kingine chochote zingeniokolea ile Jumatano. Na kama unataka misemo tu, kuna The English We Speak, dakika chache, msemo mmoja kwa kipindi, ila hiyo sitaki uanze nayo, misemo bila vijineno ni kama kuvaa tai bila shati.

Na ukichagua kipindi cha kuanza nacho, usichukue kipya kwa sababu ni kipya. Ingia kwenye vya nyuma, tafuta mada ambayo tayari una maoni yako, kitu ambacho hata kwa Kiswahili ungebishana na mtu. Mimi nilipoteza wiki nzima kwenye mada ambayo hainihusu kwa chochote na Jumanne nilipofika nikawa sina la kusema, siyo kwa kukosa Kiingereza.

Sa hivi niko mwezi wa nane. Kwa ratiba hii ya dakika arobaini siku tano, mwaka unakuja kama saa 170, ni hesabu nyingine kabisa na ile ya mwanzo. Simu za kazini napokea, bado nauliza mtu arudie lakini namuuliza arudie neno fulani, zamani nilikuwa namwambia anitumie kwa maandishi. "Can" yangu sasa inamezwa vizuri, yule dada amenithibitishia. Kilichobaki kichwani mwangu kwa sasa ni "work" na "walk", nikisema ya kwanza simu bado inaniandikia ya pili kama mara moja kati ya tatu, hasa nikiwa na haraka. Nimeshapata klipu yenye "work" nne ndani ya sekunde ishirini na tano, naanza nayo kesho.